Mzigo una karatasi zake, mtoto je? Safari ya kwenda chuo kikuu cha nchi jirani

Kila anayefanya biashara ya kuvuka mpaka anajua kwamba mzigo hauvuki kwa uzuri wake. Mahindi yanaweza kuwa makavu, meupe na yasiyo na mdudu, lakini kama cheti cha afya ya mimea hakipo, lori linalala yadi. Mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 anajua pia kwamba akibeba hati ya uasili iliyorahisishwa anapunguziwa usumbufu, na akiisahau nyumbani analipa kama mgeni.

Wafanyabiashara haohao wa Mutukula, Namanga, Busia, Sirari na Rusumo, zamu ya mtoto kwenda chuo kikuu cha nchi jirani inapofika, wengi humvusha bila karatasi. Mtoto amefaulu, kuna ndugu Kampala au Nairobi wa kumpokea, na chuo kimetajwa na jirani aliyempeleka wake. Ada ya muhula wa kwanza inalipwa kutoka kwenye mtaji. Maswali huanza baadaye, mara nyingi mwaka wa pili au hata siku ya kutafuta kazi, na kufikia hapo fedha haiwezi kurudi.

Si kosa lao peke yao. Kwa miaka mingi wameambiwa kwamba Afrika Mashariki ni moja, na kwenye elimu maneno hayo yana historia ya kweli. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 kilikuwapo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, Mganda aliyetaka sheria aliteremka Dar es Salaam, na aliyetaka uhandisi alielekea Nairobi. Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970 na kila nchi ikabaki na chake. Kilichobaki cha pamoja ni baraza la kuratibu, ambalo leo ni Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao yake Kampala.

Mwaka 2017, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, Jumuiya ilitangazwa kuwa eneo moja la elimu ya juu. Maana yake ni kwamba sifa za mwanafunzi wa nchi moja zieleweke katika nchi nyingine, mitaala ipimwe kwa vigezo vinavyofanana, na mwanafunzi aweze kuhama na alama zake. Tangazo hilo ni zuri, na wataalamu wamefanya kazi kubwa nyuma yake. Lakini halikufuta ofisi hata moja. Bado kila nchi ina tume yake ya vyuo, baraza lake la mitihani, bodi yake ya mikopo na dirisha lake la uhamiaji. Anayedhani tangazo la wakuu wa nchi linatosha ni sawa na anayefika forodhani akiwa na gazeti lenye habari za Soko la Pamoja badala ya hati ya mzigo.

Cheti kimoja, thamani tofauti

Tatizo la kwanza ni cheti cha sekondari. Tanzania na Uganda zote zina kidato cha nne na cha sita, kwa hiyo mtoto anayetoka upande mmoja kwenda mwingine anaeleweka haraka. Tanzania, kwa kawaida, mwombaji wa shahada anatakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita yanayohusiana na kozi, yenye jumla ya alama zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinamfikisha mlangoni, ingawa kozi kama udaktari zinataka zaidi ya hapo. Uganda nako hutaka masomo makuu mawili ya kidato cha sita, yaliyofaulishwa katika mtihani mmoja.

Kenya ndiko hesabu inakobadilika. Mfumo wa 8-4-4 hauna kidato cha tano wala cha sita. Mwanafunzi anamaliza KCSE na akipata gredi ya C+ anaruhusiwa kuomba shahada nchini mwake, ambako shahada nyingi huchukua miaka minne. Akivuka mpaka kuingia Uganda, anakutana na nchi inayokitazama cheti hicho kama cha mtu ambaye hajapita ngazi ya kidato cha sita. Ndiyo maana Wakenya wengi huko hutakiwa kusoma kwanza mwaka wa matayarisho, unaomalizika kwa cheti cha kuingilia elimu ya juu kinachosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda, NCHE. Mzazi wa Busia aliyepiga hesabu ya miaka mitatu ya shahada Kampala anajikuta amefika minne, yaani ileile ya Nairobi, na juu yake kuna nauli na pango.

Dawa yake ni ulinganishi wa vyeti, na unafanywa kabla ya kuomba chuo. Tanzania, vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Stashahada hupitia NACTVET. Na shahada hupitia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Uganda, sekondari ni kazi ya UNEB na ngazi za juu ni za NCHE. Kenya, KNEC hushughulikia sekondari, na juu ya hapo wako CUE na KNQA. Hapa wanaoumia zaidi ni watoto wa Kitanzania wa Kagera, Mara na Arusha waliosomeshwa sekondari Uganda au Kenya, kisha wakataka kurudi chuo nyumbani. Wao ni raia, wamezaliwa hapa, lakini vyeti vyao ni vya nje na lazima vipite NECTA kama vya mgeni yeyote. Dirisha la udahili likifunguliwa ndipo wanakimbilia ulinganishi, na foleni inakuwa ndefu kwa sababu wenzao wote wamekumbuka wiki hiyohiyo.

Kwa familia za Goma, Bukavu na Bujumbura kuna jambo la ziada. Mtoto aliyefanya mtihani wa taifa kwa Kifaransa anahitaji vyeti vilivyotafsiriwa na kuthibitishwa, na anahitaji Kiingereza cha kusomea, ambacho ni tofauti na kile cha kuuzia vitenge. Rwanda ilihamia Kiingereza mwaka 2008, hivyo hata Kigali, iliyo karibu na lugha ya nyumbani, haimpunguzii Mburundi mzigo huo. Miezi ya kujifunza lugha iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Mtoto anayeingia darasa la uhasibu huku akitafsiri kichwani hupoteza muhula wote wa kwanza.

Mkopo hauvuki

Swali la fedha ndilo wazazi wanalouliza kwanza, na jibu lake haliwafurahishi. Mikopo ya serikali katika ukanda huu imejengwa kwa ajili ya raia wanaosoma ndani ya nchi zao. Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na huwakopesha Watanzania wahitaji waliodahiliwa katika vyuo vinavyotambuliwa nchini. Bodi ya Uganda ni changa zaidi. Sheria yake ni ya mwaka 2014. Kenya ina HELB tangu mwaka 1995, na kuanzia mwaka 2023 ilibadili utaratibu mzima: mwanafunzi hupimwa uwezo wa familia yake, kisha hupangiwa sehemu ya ufadhili, sehemu ya mkopo na sehemu ya kulipa mzazi. Utaratibu huo umekuwa na malalamiko mengi na umefikishwa mahakamani.

Kwa hiyo Mtanzania wa Kyaka anayekwenda Kampala kwa sababu ni karibu kuliko Dar es Salaam, na kweli ni karibu, asitegemee HESLB. Ada, chumba, chakula na bima vyote vinatoka dukani. Hii ndiyo sababu uamuzi wa nchi ya kusomea unatakiwa kufanywa mezani, daftari likiwa wazi, na usiachwe ufanywe na urafiki wa watoto wawili waliomaliza shule moja. Chuo cha ndani chenye ada kubwa kidogo lakini chenye mkopo kinaweza kuwa nafuu kuliko cha jirani chenye ada ndogo bila mkopo. Kuna familia pia ambazo hesabu inakwenda upande wa pili, hasa pale ambapo kuna ndugu wa kumweka mtoto nyumbani na kozi yenyewe ni ya miaka mitatu badala ya minne.

Na mkopo nao ni deni. Tanzania mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi amalize. Kenya mkopo wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa watu wanaokopa kwenye vikundi vya mpakani kwa riba ya kila wiki, masharti haya ni ya huruma, lakini mtoto ayajue kabla ya kusaini.

Mfanyabiashara mdogo ana ugumu wake katika maombi ya mkopo. Hana hati ya mshahara. Kipato chake cha Machi si cha Agosti, na bodi inataka ithibitishiwe hali ya familia. Fomu ya HESLB inahitaji saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, saini ya wakili au hakimu, taarifa za mdhamini, na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA kwa Bara au na wakala wa usajili wa Zanzibar kwa waliozaliwa Visiwani. Familia nyingi za mpakani zinakwama hapa kwenye cheti cha kuzaliwa. Mama alijifungulia hospitali ya upande wa pili kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, cheti kikatolewa na nchi jirani, na kwa miaka 18 hakuna aliyeuliza. Mtoto wa namna hiyo aanzie RITA miezi mingi kabla, siyo wiki ya mwisho ya maombi.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo mpakani husemwa kwa sauti ya chini: vijana wenye vitambulisho vya nchi mbili. Kenya na Uganda zinaruhusu uraia pacha kwa utaratibu wa kisheria. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Kijana anayeomba mkopo huku kama Mtanzania na kuomba kule kama Mkenya anadhani ameongeza nafasi zake. Alichofanya ni kuacha ushahidi katika mifumo miwili ya kompyuta, na ushahidi huo unaweza kumfuata hadi kwenye ajira ya serikali.

Ufadhili wa kweli upo, ila ni mwembamba. Jumuiya kupitia IUCEA imekuwa na ufadhili wa shahada ya uzamili unaogharimiwa na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, kwa masomo ya sayansi, hisabati, uhandisi, tehama na biashara, na sharti lake linawafaa watu wa mpakani: anayeupata anasoma katika nchi isiyo yake. Huo ni wa wenye shahada ya kwanza tayari. Kwa shahada ya kwanza, Makerere ni miongoni mwa vyuo vinavyotoa nafasi za Mastercard Foundation kwa wenye akili na uhitaji. Wakimbizi, wakiwemo Wakongo na Warundi wengi walioko Uganda, Tanzania na Kenya, wana mpango wa DAFI unaosimamiwa na UNHCR tangu mwaka 1992. Wanaoomba ni wengi na wanaopata ni wachache. Mtoto aombe, lakini mzazi asifunge bajeti kwa kutegemea jibu.

Kuuliza bei kama sokoni

Kwa bei, wafanyabiashara hawahitaji mwalimu, ila kuna maswali ambayo hawayaulizi chuoni ilhali wangeyauliza sokoni. Swali la kwanza ni kama chuo kinamhesabu mwanafunzi wa Jumuiya kama wa ndani au kama wa kigeni. Vyuo havifanani. Vingine vinawatoza Waafrika Mashariki ada ya raia, vingine vina bei ya tatu iliyo katikati, vingine vinawaweka kapu moja na mtu wa kutoka Ulaya. Jibu litakiwe kwa maandishi. Linalofuata ni sarafu. Ada ikitajwa kwa dola na biashara ikiwa ya shilingi, mzazi amebeba hatari ya kubadilisha fedha kwa miaka mitatu au minne, na anajua mwenyewe jinsi shilingi ya Uganda, ya Kenya na ya Tanzania zinavyopishana ndani ya msimu mmoja wa maharage. Kisha kuna ada ndogondogo za usajili, mitihani, maktaba, bima na mafunzo kwa vitendo, ambazo hazimo kwenye tangazo lakini zimo kwenye ankara.

Malipo yaende kwenye akaunti ya chuo au kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa chuo wenyewe. Vishoka wa udahili wamejaa mpakani, na wanavaa vizuri kuliko wale wa forodha. Wanaahidi barua ya udahili ndani ya siku mbili, kozi ambayo alama za mtoto haziifikii, na chumba bwenini. Barua yoyote ihakikiwe chuoni moja kwa moja, na jina la chuo pamoja na la kozi litazamwe kwenye orodha za TCU, CUE, NCHE au baraza la elimu ya juu la Rwanda. Kozi ni muhimu kama chuo. Chuo kinaweza kuwa halali huku kozi moja ndani yake ikiwa haijaidhinishwa.

Kisha ulizeni mwisho wa safari. Jumuiya ina makubaliano ya kutambuana kitaaluma kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Wanasheria hawamo, na mtoto anayesomea sheria nchi jirani ajue kwamba kurudi na kuwa wakili nyumbani ni mlima mwingine wenye masharti yake. Wauguzi na madaktari hutakiwa kusajiliwa na mabaraza ya nchi wanayotaka kufanyia kazi. Barua moja kwa baraza husika kabla ya kuchagua kozi ni rahisi kuliko kesi baada ya kuhitimu.

Uhamiaji nao una lake. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 1, 2010, inamtambua mwanafunzi na kumpa haki ya kupata kibali cha mwanafunzi, kinachohuishwa masomo yanapoendelea. Hati ya siku chache inayomfikisha mama mnadani na kumrudisha jioni haimtoshi mtoto anayekaa muhula mzima. Mara nyingi watoto wa mpakani huingia nayo, kisha wakafanya mitihani wakiwa wamezidisha siku. Pasipoti na barua ya udahili viende uhamiaji mapema.

Waliokosa alama

Si kila mtoto anafikisha alama, na hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa kabla ya wakati. Tanzania, astashahada na stashahada zinaweza kumfikisha mtu kwenye shahada akipata wastani unaotakiwa, na Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi kwa wasiotimiza sifa za moja kwa moja. Kenya, wenye chini ya C+ hupangiwa vyuo vya ufundi na stashahada kupitia KUCCPS, chombo kilekile kinachopanga wa vyuo vikuu. Uganda ina mtihani wa watu wazima, kuanzia miaka 25, unaomruhusu aliyeacha shule zamani kujaribu tena.

Njia hiyo ya mwisho haiwahusu watoto tu. Mpakani kuna kina mama wanaoendesha hesabu za sarafu tatu kichwani, waliokatishwa shule kidato cha pili au cha nne, na ambao hawajawahi kuambiwa kwamba mlango wao upo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilijengwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kufunga duka. Kenya nayo ilipata Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023, kikifundisha kwa mtandao. Vitambulisho vya wanafunzi wa vyuo hivi havimwulizi mtu umri.

Kinachobaki ni kalenda. Matokeo ya KCSE hutoka Januari na vyuo vya Kenya hupokea wapya karibu Agosti na Septemba. Matokeo ya kidato cha sita Uganda hutoka mapema mwaka, wakati Tanzania hufanya mtihani huo Mei, matokeo yakitoka karibu Julai. Mtanzania anayetaka Uganda mara nyingi hukuta maombi ya awamu ya kwanza yamekwisha. Tena wengi wa waliomaliza kidato cha sita huwa kambini JKT katika miezi hiyo, kwa hiyo anayejaza fomu, anayetafuta muhuri wa serikali ya mtaa na anayefuata ulinganishi ni mzazi, na mzazi huyo yuko njiani na mzigo. Nyaraka ziachwe nakala kwa mtu anayeaminika aliyebaki nyumbani.

Kenya sasa inaaga 8-4-4. KCSE ya mwisho ya mfumo huo ni ya mwaka 2027, na darasa la kwanza la mtaala mpya, lililoingia gredi ya 10 mwaka 2026, litakuwa tayari kwa vyuo mwaka 2029. Wazazi wa Busia, Namanga na Taveta wenye watoto katika darasa hilo wana muda wa kuuliza UNEB na NECTA cheti hicho kipya kitasomwaje upande wa pili.